Nani Anashika Rimoti: Ladha za Watu wa Makamo Dzaleka na Lilongwe

Ukitaka kujua mtu wa makamo wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, aliiacha Kongo mwaka gani, huna haja ya kumwomba karatasi. Mfuate sokoni hadi kibanda cha kuchoma nyimbo, usikilize anaagiza nini. Kijana mwenye kibanda ana kompyuta iliyofutika herufi kwenye vitufe, spika mbili zisizolingana, na waya wa sola unaopenya dirishani. Mteja anachomoa memori kadi kwenye simu, anailaza mezani, anaanza kutaja. "Papa, Wenge gani? BCBG ao Maison Mère?" anauliza kijana. "Ya mbele ya kugawanyika," anajibiwa, na hapo kijana anajua afungue folda ipi, maana bendi ya Wenge Musica ilivunjika mwishoni mwa 1997 na mteja huyu hana haja na yaliyofuata.

Kipimo hicho hakiwezi kusimama mahakamani, lakini kina mantiki yake. Koffi Olomide wa "Loi" na JB Mpiana wa "Feux de l'amour" ni wa 1997, mwaka ambao Mobutu alikimbia na Laurent-Désiré Kabila akaingia Kinshasa. Anayetaka Werrason wa "Solola Bien" alikuwa bado nyumbani, au bado karibu na redio ya nyumbani, mwaka 1999, vita vya pili vikiendelea. Anayeanza na Fally Ipupa wa "Droit Chemin" alikuwapo 2006, mwaka wa uchaguzi ule mkubwa. Baada ya hapo orodha ya kila mmoja inakatika. Ikiendelea, inaendelea kwa njia nyingine kabisa: kwaya, Rose Muhando, Christina Shusho, labda wimbo mmoja wa Diamond ambao binti yake ameuingiza bila ruhusa.

Mkatiko huo ndio ninaotaka kuuchambua. Kwa mazoea tunasema mtu akishavuka arobaini ladha yake inaganda: muziki wa siku hizi ni kelele, vitabu vya siku hizi havina maneno, televisheni inaharibu watoto. Lawama zote tunaubebesha umri. Nikitazama Dzaleka na Lilongwe naona umri unasingiziwa. Kinachogandisha ladha hapa ni mwaka mtu aliohama, lugha aliyoikuta alikofika, na swali la kila jioni la rimoti iko mkononi mwa nani.

Tuanze na wanaoulaumu umri, kwa sababu hoja yao si nyepesi. Mwaka 1989 Wamarekani wawili wataalamu wa masoko, Morris Holbrook na Robert Schindler, waliwasikilizisha watu wa rika mbalimbali nyimbo zilizovuma miaka tofauti. Waligundua kuwa kila mtu huelekea kuzipenda zaidi zile zilizokuwa zikivuma alipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Mwaka 2015 mchambuzi mmoja aliyepekua takwimu za wasikilizaji wa Spotify nchini Marekani alisema kwamba mtu wa kawaida hufikia miaka 33 akiwa ameshajitenga na nyimbo mpya zinazotamba. Utafiti mwingine, wa 2013, uliohusisha zaidi ya watu robo milioni, ulionyesha kuwa uzito ambao mtu anaupa muziki maishani mwake hupungua kadiri umri unavyosogea, ingawa hauishi. Ukiyajumlisha hayo unapata picha inayofahamika: ujana hupanda mbegu, utu uzima hula mavuno yaleyale mpaka mwisho.

Lakini kuna utafiti mdogo zaidi ambao kwangu una thamani kuliko tafiti hizo zote. Mwaka 1998 Robert Schrauf na David Rubin walichunguza kumbukumbu za wazee wenye asili ya nchi zinazosema Kihispania waliokuwa wamehamia Marekani. Ilishajulikana kwamba mtu mzima akiulizwa kukumbuka maisha yake, kumbukumbu hurundikana kwenye miaka ya kati ya kumi na thelathini. Kwa waliohama wakiwa vijana, ndivyo ilivyokuwa. Kwa waliohama wakiwa wameshaingia thelathini na kitu, rundo lilihama pamoja nao na kuufuata umri wa kuhama. Kwa maneno mengine, akili hairundiki mambo ujanani kwa sababu tu ni ujana. Inayarundika pale maisha yalipogeuka, na kwa watu wengi maisha hugeuka ujanani.

Sasa tuilete hesabu hiyo Dzaleka. Kambi iko wilaya ya Dowa, kilomita hamsini hivi kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Hastings Kamuzu Banda. Ilifunguliwa 1994 ikikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo wamezidi 50,000. Wakongo ndio wengi zaidi, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Wengi walipita njia moja: wakavuka Ziwa Tanganyika, wakashuka Kigoma, wakaikata Tanzania hadi Mbeya, wakaingia Karonga. Mtu wa makamo tunayemsema hapa, mwenye miaka arobaini na kitu au hamsini na kitu, alizaliwa kati ya 1970 na 1983. Alitimiza miaka 24 kati ya 1994 na 2007. Hiyo ndiyo miaka yenyewe ya vita na ya kukimbia. Kwa kizazi hiki kilele cha Holbrook na kilele cha Schrauf vimeangukia siku moja, na ukimtazama Mkongo peke yake huwezi kuvitenganisha.

Njia ya kuvitenganisha ni kumtazama jirani yake. Lilongwe ina Wamalawi wa rika hilohilo ambao hawakukimbia popote. Hao walikulia nchi isiyokuwa na televisheni hata kidogo, kwa sababu Banda hakuitaka, na sheria ya udhibiti wa burudani ya 1968 iliamua mpaka vitabu gani viingie na filamu gani zikatwe. Televisheni ya taifa ilianza 1999, Banda akiwa ameshatoka madarakani na ameshafariki. Mmalawi aliyezaliwa 1975 alikutana na televisheni ya nchi yake akiwa na miaka 24, umri uleule wa Holbrook. Ladha yake ilijengwa na redio: MBC ya taifa, kanda za Lucky Dube, kwasa kwasa ya Kanda Bongo Man, halafu Lucius Banda kutoka Balaka, ambaye sauti yake iliambatana na mwisho wa chama kimoja na ambaye alifariki Juni 2024. Lakini msikilize Mmalawi huyo leo. Hana mkatiko. Anampenda Lucius wa miaka ya tisini, na anajua pia nani anatamba mwaka huu, kwa sababu ni redio ileile, lugha ileile, na mpwa wake ndiye anayeimba. Umri wake ni sawa na wa Papa wa Dzaleka, ila uzi wake haukukatika. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niutoe umri kizimbani.

Hata ndani ya kambi kuna ushahidi. Waliofika baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma mwaka 2012, au katika machafuko ya Fizi na Uvira ya miaka iliyofuata, wengine walifika wakiwa na miaka arobaini. Orodha zao kwenye kibanda hazikatiki 1997. Zinakwenda hadi Ferre Gola na Fally wa juzijuzi, ndipo zinasimama. Ni watu wa rika moja na wale wa kwanza, wanakaa mtaa mmoja, na ladha zao zimepishana kwa miaka kumi na tano.

Muziki wenyewe una mafumbo yake. Mtu wa Uvira au Baraka alikulia na Kifuliiru au Kibembe nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa shuleni, lakini wimbo alioupenda ulikuwa wa Kilingala, lugha ya jiji ambalo wengi hawajaliona. Alipenda asichokielewa nusu yake. Franco alipotoa "Mario" mwaka 1985, mashariki waliimba kisa cha kijana anayelelewa na mama mwenye pesa, wengine wakijua maneno na wengine wakijua kiitikio tu. Leo mtu wa miaka 48 akisema anampenda Franco, mara nyingi anasema juu ya redio ya baba yake. Watafiti Carol Lynne Krumhansl wa Cornell na Justin Zupnick waliliona jambo hilo mwaka 2013: vijana wa chuo walikuwa na kilima kidogo cha mapenzi kwa nyimbo za ujana wa wazazi wao. Dzaleka kilima hicho kinaonekana wazi zaidi, kwa sababu wazazi wenyewe wengi hawakufika.

Kisha Kiswahili kikapanda. Katika kambi yenye Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, ndicho kinachouza nyanya na kusuluhisha ugomvi, na ndicho kilichobadilisha ladha za watu wa makamo bila wao kupanga. Mrundi aliyekuwa hasikilizi chochote cha Kiswahili isipokuwa Khadja Nin akajikuta anajua nyimbo nzima za injili kutoka Tanzania. Mkongo akagundua kwamba Remmy Ongala, aliyekuwa akimsikia redioni zamani kama mtu wa Dar es Salaam, ni mwenzao wa Kindu. Solomon Mukubwa, Mkongo anayeimbia Nairobi, akawa wa wote. Hii si ladha ya ujana. Ni ladha iliyopatikana mtu akiwa na thelathini na tano, arobaini, na imeshika mizizi kuliko Koffi. Wanaosema watu wazima hawapokei kipya wangekuja kusikiliza ibada ya Jumapili moja tu.

Hapo kwenye ibada ndipo penye mgogoro mkubwa kuliko wote, na nisingependa kuupita haraka. Makanisa ya Dzaleka ni mengi, spika zao zina nguvu, na kwaya ni za watu wazima hasa: wanaume wa suti moja ya rangi, wanawake wa kitenge kimoja, mazoezi jioni tatu kwa wiki. Aliyeokoka anatakiwa aache nyimbo za dunia. Kwa mtu wa miaka ishirini hiyo ni kuacha klabu, jambo lenye mwisho. Kwa mtu wa makamo ni kuacha harusi yake mwenyewe, kwa maana wimbo uliochezwa siku hiyo ulikuwa rumba ya Madilu. Nimeona memori kadi zenye folda mbili, moja imeandikwa Ibada na nyingine haikuandikwa kitu. Wanawake, nadhani, ni wakweli zaidi katika hili: wengi waliacha rumba mapema na hawaitamani, kwa sababu rumba ilikuwa muziki wa mume kurudi usiku wa manane. Wanaume wanaacha hadharani na kuendelea kwa earphone. Remmy Ongala mwenyewe aliacha kwa uwazi: miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Desemba 2010, aliokoka akaugeukia muziki wa injili, na mashabiki wake wa makamo wakagawanyika kati ya waliomfuata na waliobaki na bendi yake, Super Matimila. Ladha ya utu uzima mara nyingi ni uamuzi wa dhamiri, jambo ambalo takwimu za Spotify haziwezi kulipima.

Ajabu ni kwamba Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo zote mbili kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Wachungaji wa Dzaleka, kwa kadiri niliyosikia, hawakutikisika.

Televisheni ni habari nyingine, kwa sababu televisheni haisikilizwi kwa earphone. Ina umeme wake, king'amuzi chake, kifurushi chake cha mwezi, na mtu mmoja anayeshika rimoti. Katika nyumba ya Lilongwe yenye baba wa miaka hamsini, mama wa arobaini na tano na watoto wanne, ladha ya makamo haiko mahali pamoja. Baba anataka taarifa ya habari na mpira. Mama anataka tamthilia. Watoto wanataka katuni. Anayeshinda ni yule aliyelipia kifurushi, na akikosa kulipa wanashinda wote kwa kutazama stesheni ya bure. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 Mei 2022 na kwa asilimia 44 Novemba 2023, na bei za vifurushi zimezozaniwa mpaka mahakamani. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu mtambo wa Kapichira, wenye megawati 129.6, karibu theluthi ya umeme wa nchi, na kwa zaidi ya mwaka mgawo wa giza ukawa ndio mpangaji mkuu wa vipindi. Mtu aliyesema wakati huo kuwa ameacha kufuatilia tamthilia kwa sababu amekua, huenda alikuwa amekosa tu umeme saa mbili usiku.

Kambini wachache wenye dishi hugeuza sebule kuwa banda la video, na banda lina rika lake. Mchana ni la vijana na filamu za mapigano. Jioni ya mpira ni la wanaume wa makamo, na hapo utasikia hadithi ya TP Mazembe wa Lubumbashi kufika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia Desemba 2010, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, ikafungwa na Inter Milan 3-0. Hakuna anayeitaja ile tatu. Wanawake wa makamo hawaingii bandani. Wanatazama kwa jirani mwenye king'amuzi cha Azam, na wanachotazama ni filamu za Kitanzania na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, bado wanamlilia. Kabla ya hapo walitazama Nollywood kwa Kiingereza wasichokijua, wakifuata uso na machozi, au wakisaidiwa na mtu wa kufasiri. Desturi hiyo ya kuisimulia filamu juu ya sauti yake, iliyomjengea jina Lufufu kule Dar es Salaam na VJ Jingo kule Kampala, ilikuwa shule ya televisheni kwa watu wazima wasiosoma maandishi ya chini ya skrini. Kwa hiyo mama wa miaka hamsini anayesema anapenda Kituruki anasema ukweli nusu. Anachopenda ni kuelewa kila neno, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kutazama.

Hapa siasa inaingia sebuleni. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti: haikukubali kuwapa wakimbizi uhuru wa kutembea na kufanya kazi kama mkataba unavyosema. Kwa miaka mingi sharti hilo lililala, na Warundi, Wanyarwanda na Wakongo wakafungua maduka Lilongwe, katika mitaa yenye majina ya namba ambayo mgeni huichanganya: Area 23, Area 25, Area 36. Duka la mkimbizi lilikuwa na televisheni juu ya kabati la sukari, na mteja wa Kimalawi alisimama kidogo kutazama. Ladha ziliambukizana hapo. Mwaka 2021 serikali iliamuru warudi kambini, mahakama ikasimamisha kwa muda, na Mei 2023 polisi na wanajeshi wakaanza kuwakusanya. Maduka yalifungwa, bidhaa zikauzwa kwa bei ya hasara, na televisheni ziliuzwa kwanza, kwa sababu ndizo zinazonunulika haraka. Mwanamume wa miaka 47 aliyekuwa anachagua kati ya stesheni arobaini akarudi kwenye benchi la banda la video, anatazama kile ambacho mwenye banda amechagua. Ukimhoji mwezi uliofuata juu ya ladha zake, jibu lake litahesabiwa kama la umri.

Vitabu nitavisema kwa ufupi, kwa kuwa hali yenyewe ni ya ufupi. Hapa kuna kitu kidogo ambacho wachambuzi wa fasihi hukisahau: macho. Kuanzia miaka arobaini na kitu lenzi ya jicho hukakamaa, na herufi za karibu zinaanza kuelea. Biblia ya Kiswahili ya ukubwa wa mfukoni ina herufi ndogo kuliko kitabu chochote nyumbani. Nimewasikia watu wakisema kuwa siku hizi wanapenda kusikiliza Neno zaidi ya kulisoma, na wanaisifu redio, na kwenye simu wana Biblia inayosomwa kwa sauti. Kisha mtu anapata miwani ya kusomea ya barabarani Lilongwe, ile isiyopimwa na daktari, na kusoma kunarudi ndani ya wiki. Ladha iliyodhaniwa imekufa ilikuwa inasubiri dayopta moja na nusu.

Jambo la pili ni lugha ya rafu. Aliyesoma shule za Zaire alianza na Kiswahili madarasa ya chini, akaendelea kwa Kifaransa, na riwaya za ujana wake, kama alikuwa msomaji, zilikuwa za Zamenga Batukezanga na Camara Laye. Watoto wake Dzaleka wanasoma kwa Kiingereza. Wajesuiti wana shule pale, na tangu 2010 kuna masomo ya stashahada kwa mtandao, yote kwa Kiingereza. Kitabu cha baba hakina mrithi, na cha mtoto hakina msomaji wa kumwuliza. Katikati kuna Kiswahili, kinachozungumzwa na nyumba nzima na kisicho na kitabu karibu. Riwaya za Ben Mtobwa na visa vya Willy Gamba vya Elvis Musiba, ambavyo Mtanzania wa makamo anavikumbuka kama Mkongo anavyomkumbuka Koffi, havikuvuka na watu. Shaaban Robert anajulikana kwa jina. Na kile kitabu ambacho kingewafaa wote, historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, aliyoiandika André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga, kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani waliotaka yao yaandikwe, kinajulikana zaidi na maprofesa wa Ulaya tangu Johannes Fabian alipokichapisha 1990 kuliko na mtu yeyote wa Lubumbashi niliyewahi kukutana naye.

Kuna kitabu kimoja cha Mmalawi ambacho ningewapa wote kama ningekuwa na nakala za kutosha na tafsiri: "I Will Try" cha Legson Kayira, kilichotoka 1965. Kayira aliondoka kijijini kwake Karonga mwaka 1958 akatembea kwa miguu kupitia Tanganyika na Uganda hadi Khartoum, akitafuta shule Marekani, na akaipata. Karonga hiyohiyo ndiyo mlango wa waliokuja Dzaleka. Yeye alikuwa anatoka.

Kwa upande wa pili, kuna mahali ambapo mtu wa makamo wa Lilongwe na wa Dzaleka wanakutana bila kutafsiriwa. Lucky Dube ni mmoja. Alipouawa Johannesburg Oktoba 2007, walimlilia Balaka na Bukavu kwa wakati mmoja, na mpaka leo ukipiga "Prisoner" kwenye minibasi ya kwenda Dowa hakuna abiria wa zaidi ya arobaini asiyetikisa kichwa. Mahali pengine ni tamasha la Tumaini, lililoanzishwa kambini mwaka 2014 na mshairi Mkongo Menes La Plume, ambalo huwaleta Dzaleka maelfu ya watu kutoka Lilongwe, wengine wakilala kwenye nyumba za wakimbizi. Jukwaa ni la vijana: rap, ngoma za Kirundi, Afro-pop ya Malawi. Watu wazima hufika kuuza chapati na kulinda watoto, kisha utawaona wamesimama. Mtu anayemkaribisha mgeni wa Lilongwe nyumbani kwake ndiye anayeamua redio ipigwe nini asubuhi, na kwa siku hizo chache rimoti iko kwake. Katika wiki za kawaida redio ya jamii ya kambi, Yetu, inafanya kazi hiyo kwa lugha kadhaa, na wasikilizaji wake wengi, kwa macho yangu, ni wanawake wa makamo walio jikoni.

Sasa ongeza jambo moja kwenye hesabu ya Schrauf na Rubin. Wengi wa kizazi hiki wanangojea kuhamishiwa nchi ya tatu, na wengine wameshaenda, Kanada, Australia, Marekani, kabla milango ya Marekani haijabanwa Januari 2025. Mtu anayehama kwa mara ya pili akiwa na miaka hamsini anageuka tena. Kama hoja ya wale wawili ni sahihi, rundo lake jipya halitakuwa Kinshasa ya 1997. Litakuwa Dzaleka yenyewe: kwaya fulani ya mwaka 2014, mchungaji fulani, filamu ya Kanumba iliyotazamwa kwa jirani mwenye sola. Jamaa walioko ughaibuni tayari wanatuma ujumbe wa sauti kwenye makundi ya WhatsApp wakiomba warushiwe wimbo wa kwaya ambao haukuwahi kutolewa kwa albamu. Wimbo huo mara nyingi ulirekodiwa kwa simu, ukachomwa kutoka kadi hadi kadi, na jina lake halisi halijulikani. Chama cha hakimiliki cha Malawi, COSOMA, kimewalalamikia wachomaji kwa miaka, na kwa wasanii wa Blantyre na Lilongwe wanaoibiwa malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kwa kwaya za Dzaleka yule kijana mwenye kompyuta iliyofutika herufi ndiye maktaba pekee iliyopo, na diski yake ikiungua hakuna nakala nyingine.